Hajati na Kilo Ishirini na Tatu

Mtu akitaka kunichafua roho asubuhi, anitajie kilo ishirini na tatu. Hapo ndipo kampuni za ndege zilipochora mstari wao, na ukiuvuka kwa uzito wa kanga moja tu wanakutazama kama mwizi wa kuku. Mimi ni dereva wa teksi ya kukodi. Steji yangu iko Ntinda, na kwa miaka mingi riziki yangu imetokana na kupeleka watu Entebbe kupanda ndege. Sisi madereva tunaishia mlangoni, lakini kupitia kioo nimeona watu wazima wakilia mbele ya mzani. Nimeona wasichana wanaokwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni wamechutama sakafuni, mabegi wazi mbele ya umma, chupi nje, picha za mama zao nje, wanachagua cha kuacha. Nyuma yao bwana mwenye tiketi ya bei kubwa anapitisha mabegi manne na kuambiwa safari njema. Mwenye nacho huongezewa, na pale uwanjani huongezewa kwa kilo.

Lakini hasira yangu hiyo ina sura, na sura yenyewe ni ya bibi mmoja mfanyabiashara wa Katwe. Sote tulimwita Hajati na hatukuhitaji jina jingine. Habari za ukoo wake sina. Ukimuuliza kabila alikujibu kwamba watu wake walikuja huku kuuza nguo wakasahau kurudi, basi, na ukirudia swali alikuuliza kama unataka kumposa.

Alikuwa mwembamba. Nalisema hilo kwanza kwa sababu siku za safari alikuwa mnene. Nilikuwa nikimfuata nyumbani kwake, namkuta mlangoni amevimba kila upande, mikono haishuki vizuri, maana amevaa gauni juu ya gauni juu ya gauni, na juu ya yote buibui pana lenye mifuko ya ndani aliyoishona mwenyewe. Mifukoni mlikuwa na vitunguu saumu, chaja za simu, pakiti za binzari, mara nyingine viatu vya mtoto wa mtu. Kumwingiza kwenye gari ilikuwa kazi. Jua la saa nane linawaka, yeye anatiririka jasho, na ole wako umwambie avue moja.

"Mwili hawaupimi," aliniambia. "Sheria yao wenyewe. Mimi ni kilo hamsini na kidogo. Safari iliyopita nilimwona mtu pale ana kilo mia na ishirini, tumbo lake lote linakwenda Dubai bure. Sasa nani kamdhulumu mwenzake?"

Neno hilo hakulisema kwenye gari tu. Aliwahi kulisema kwenye foleni, kwa sauti, mwenye tumbo akiwa amesimama mbele yake. Yule bwana aligeuka kama anayetaka kusema kitu, akaona ukubwa wa bibi aliyevaa kabati zima, akageukia mbele.

Ugomvi wake pale kaunta aliuendesha kwa Kiswahili, na hapo lazima nieleze. Kwetu Kampala Kiswahili si lugha ya nyumbani kwa watu wengi. Wazee wetu walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, mdomoni mwa askari mwenye bunduki, na hofu ile imewaingia hata watoto waliozaliwa juzi. Hajati alijua Kiganda kuliko Waganda wengi, na Kiingereza chake kilimtosha kufanyia biashara. Lakini akifika kaunta alivisahau vyote. Alisimama wima, akatoa Kiswahili cha kwao, kile cha polepole chenye makali, na wale vijana waliovaa tai wakaanza kutafuta maneno.

"Binti, habari ya kazi. Mzani huu umekaguliwa lini?"

"Hajati, begi yako iko ova."

"Sikuuliza begi langu. Nimeuliza mzani wako."

Siku moja, kama alivyonisimulia mwenyewe, alikwenda na pakiti ya sukari ya kilo moja, haijafunguliwa, akaiweka juu ya mzani wao mbele ya foleni nzima ili awaumbue. Mzani ukaonyesha kilo moja kamili. Ningekuwa mimi ningeona aibu. Hajati aliudhika zaidi. Alichukua sukari yake akasema, "Kumbe! Kwa hiyo hamuibi kwa mzani, mnaiba kwa sera." Tangu siku hiyo neno sera alilitema kama mbegu ya limau.

Mimi mwenyewe alinisahihisha Kiswahili kwa miaka. Baba yangu alikuwa askari, nimekulia Mbuya karibu na kambi, na maneno yangu yalikuwa ya amri tu. Alisema Kiswahili changu kimevaa buti. Alinicheka, akaniita Afande ingawa sijawahi kushika hata fimbo ya mgambo, na nikikosea sentensi hakuteremka garini mpaka niirudie sawa, foleni ya magari nyuma yetu ikipiga honi.

Safari zake zilikuwa za biashara. Alikwenda Dubai kununua vitambaa na mabuibui, akarudi kuyauza dukani kwake Katwe, katikati ya makelele ya wagonga bati. Sasa tazama mambo. Anakwenda mikono mitupu, anarudi amejaa. Kwa hiyo wakati wa kwenda ana begi mbili tupu, na mtaani kila mtu ana mtoto huko: huyu ni mlinzi wa duka, huyu ni mfanyakazi wa ndani, huyu hata haijulikani anafanya nini ila anatuma picha. Na desturi yetu haina mjadala. Mtu akisafiri, humwachii aende mtupu. Unamletea furushi la mwanao. Kumkatalia aliyekuja na furushi ni kama kumfungia mlango mtu aliyekuja na msiba.

Wakaleta. Dagaa wakavu ambao sisi tunawaita mukene, karanga, unga wa mtama, nsenene, wale panzi wa kukaanga, msimu wao ukifika, na mumbwa, yaani ule udongo wenye dawa ambao wajawazito huusugua na kunywa. Wengine walileta mawe. Kweli kabisa, kuna mama alileta jiwe la kusagia kwa sababu binti yake alisema mashine za huko zinaharibu ladha. Hajati alilipokea jiwe lile kwa mikono miwili. Kila furushi alilifunga kwa kitambaa cha rangi yake kutoka masalio ya dukani, na hakuandika jina hata moja. Alisema jina hufutika, rangi haisahauliki.

Mwanangu mkubwa ni mlinzi huko. Ndiye aliyenisimulia kwamba Ijumaa, siku ya mapumziko yao, Hajati alikuwa anakaa nje ya jengo moja la maduka, mabegi miguuni, na watoto wa Kampala wanamjia mmoja mmoja. Hakumpa mtu chake kabla ya kumuuliza amekula nini na amesali wapi, hata Wakristo aliwauliza. Kuna msichana bosi wake alimchelewesha kumtoa. Hajati alimngoja kwenye joto lile mpaka jua likazama, ili ampe dagaa. Dagaa!

Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake, na ndio ulionifanya nigombane naye. Maana mzani ukizidi, kuna kitu lazima kitoke, na kilichotoka kilikuwa chake siku zote. Mimi nilikuwa nimeshazoea. Nikimshusha siondoki, nabaki kwenye maegesho nasubiri simu. Ikilia, nakwenda mlangoni, naye ananikabidhi kupitia kwa mlinzi kile alichokitoa: blanketi lake, viatu vyake, mchele wake, mara moja hata dawa zake za presha, ambazo nililazimika kumrudishia mbio kwa sababu alizitoa kwa hasira bila kuangalia. Nilirudi mjini mara nyingi na nguo za Hajati kwenye kiti cha nyuma, huku mukene wa mtu mwingine wanaruka mawinguni.

"Hajati, toa dagaa za watu!" nilimfokea siku moja. "Wao walikulipa nini?"

"Amana haina kilo, mwanangu."

"Ina kilo! Si ndizo hizi wanazokutoza?"

"Wao wanapima mzigo. Mimi sikupewa mzigo."

Wako watakaosema alikuwa mtakatifu. Hata kidogo. Dukani alikuwa mkavu wa mkono. Kitambaa alikipima amekivuta mpaka kinalia, na kikinywea mteja akifika nyumbani, hilo ni shauri lake. Kikombe cha pili cha chai kwake sijapata kukiona. Nauli yangu aliipigania kila safari kana kwamba ndiyo mara ya kwanza tunaonana, na tukishakubaliana alipunguza tena tukifika. Dini imewalaani wanaopunja vipimo, naye aliwasomea wafanyakazi wa uwanja laana hiyo kwa kidole, jioni akarudi dukani kuvuta kitambaa. Nilimwambia hivyo. Alisema kitambaa kinapenda kuvutwa. Na mtu huyohuyo, furushi la karanga likipasuka njiani, alizikusanya moja moja kwenye zulia la gari langu, na hakutia hata moja mdomoni.

Halafu kulikuwa na sanduku. Mabegi ya kitambaa yalimchosha, akidai vijana wa uwanjani wanayatupa makusudi yapasuke. Akaenda kwa fundi jirani yake, mmoja wa wale wanaotengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, akamwagiza sanduku la vipimo vilevile vya kampuni, urefu na upana na kina, lisizidi hata unywele. Fundi alijituma. Aliweka pembe za chuma, bawaba nne, komeo mbili, akalipaka rangi ya kijani. Lilikuwa zuri jamani. Tulilibeba watu wawili, likiwa tupu. Si fundi wala Hajati wala mimi aliyekumbuka kwamba bati nalo lina uzito. Pale kaunta lilipowekwa mzanini na kanga chache ndani, nambari zikapanda, na binti wa kaunta akasema kwa upole, "Hajati, hii sanduku yenyewe ndiyo imesafiri." Siku ile hata Hajati alicheka. Sanduku lipo mpaka leo, anawekea mkaa.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kike, ameolewa hukohuko Dubai. Mumewe ni kijana mpole, anafanya kazi ya karani kwenye duka la vipodozi. Na binti huyu, kati ya watoto wote wa Kampala, ndiye pekee asiyepelekewa chochote, maana mzani ulikuwa umeshajaa wa wenzake. Siku moja tukiwa njiani alimpigia mama yake, na Hajati, ambaye husikia vibaya, aliweka simu kwenye spika.

"Mama, unakuja kwangu ama unakuja posta?"

Hajati alicheka. Mimi sikucheka, nilisikia sauti ile ilivyokuwa.

Binti huyo alipata mimba ikatoka. Akapata nyingine. Hii ya pili ilishika, ikafika miezi ya mwisho, na Hajati akaamua kwenda kumhudumia mzazi kama mama anavyotakiwa, kumkanda, kumpikia uji na kumlea arubaini zake. Alichukua mkeka mmoja mzuri wa kumlaza mtoto, umekunjwa kama bomba refu. Msimamizi wa kaunta, kijana mwenye koti la bluu, akatoa utepe wa kupimia, akaupima ule mkeka kama fundi wa jeneza, akasema ni mzigo wa umbo lisilo la kawaida, una ada yake peke yake.

Mkeka! Mwepesi kuliko koti lake!

Hajati alipigana. Nilikuwa nje, lakini mlinzi wa mlangoni alinisimulia baadaye. Alipigana vita ya maisha yake. Alimuuliza yule kijana umbo la kawaida ni lipi, nani alilipitisha, na mama yake alimzaa akiwa na umbo gani. Foleni ilimshangilia. Mwishowe yule kijana alishindwa, akasema sawa, pita na mkeka wako. Na aliposema hivyo, kaunta ilikuwa imeshafungwa. Mlango wa ndege ulikuwa umeshafungwa. Wote waliokuwa mbele yake walikuwa wamekwenda, na yeye alirudi kwangu kwenye maegesho na mkeka begani.

Binti alizaa usiku uleule kabla ya siku zake, mumewe akiwa kazini, hana wa kumshika mkono. Mtoto hakuishi. Hajati alikwenda kwa ndege ya kesho yake, hana begi, kwenda kupokea pole.

Aliporudi alifunga duka. Hakusafiri tena, hakugombana na mtu tena. Mara moja tu alilitaja, nikimpeleka hospitali kwa ajili ya goti lake. Tulikuwa tumekwama kwenye foleni, akasema ghafla, "Nilimshinda yule kijana, Afande. Unajua nilimshinda?" Nikasema najua.

Mwaka huu binti alibeba mimba tena. Madaktari wakamlaza kitandani asiinuke. Mkwe akatuma tiketi kwenye simu, aliyoikata mwenyewe mtandaoni, na Hajati akanipigia kwamba nisafishe gari. Nilikwenda siku ya safari nikamkuta amevaa gauni moja tu. Goti lake lilikuwa limevimba, anatembelea fimbo. Mabegi yalikuwa mawili kama zamani. Moja lilikuwa la binti: samli, unga wa uji, mumbwa, kanga kuukuu zilizolainika za kumfunga mtoto. La pili lilikuwa la mtaa. Watu walisikia Hajati anasafiri, wakaja na mafurushi kama kawaida, na yeye akayapokea. Na mimi pia nilileta, msimu wa nsenene ulikuwa umefika. Alilifunga furushi langu kwa kitambaa cha njano.

Uwanjani mlinzi wa mlangoni, mtu wa kaskazini aliyekuwa jeshini na ananijua siku nyingi, alimtazama bibi na fimbo yake, akatazama toroli.

"Mukubwa, sukuma yeye mupaka kule," akaniambia. "Rakini toka mbio, wasinione."

Ndiyo maana safari hii nililiona kwa macho yangu.

Binti wa kaunta alikuwa mdogo, wa Kiganda, amepaka rangi nzuri ya kucha. Alisoma tiketi, akatutazama.

"Hii tiketi ni ya begi moja."

"Siku zote ni mbili," nikasema.

"Ilikuwa mbili. Hii ni ile ya bei ya chini, wamebadilisha. Begi ya pili mnalipia."

Nani alimwambia Hajati? Hakuna. Imeandikwa kwenye simu kwa herufi za sisimizi, kwa Kiingereza cha mawakili, apate kuisoma bibi wa Katwe? Nikatoa pesa zangu mfukoni, zote nilizokuwa nazo, nikaziweka juu ya kaunta, na mkwe angenirudishia siku nyingine au asinirudishie. Binti akatikisa kichwa. Hawapokei pesa taslimu. Kadi tu. Pesa ya nchi hii, yenye picha za nchi hii, katika uwanja wa nchi hii, hawaipokei!

Ndipo akatokea msimamizi mwenye koti la bluu. Si yule wa zamani, lakini koti ni lile.

"Kuna shida gani? Alipe ama atoe. Kaunta inafungwa sasa hivi."

Hajati akanyooka. Nilimwona anavyovuta pumzi, nikajua kinachokuja, na nakiri nilikingoja kwa furaha. "Kijana," akaanza, kwa Kiswahili kilekile, "hiyo sera yenu—"

Akageuza kichwa.

Alitazama saa kubwa ukutani. Alinipa fimbo yake. Kisha, akishika ukingo wa mzani, na lile goti lililovimba, bibi yule alishuka chini taratibu akapiga magoti mbele ya msichana wa kaunta.

"Mwana wange," alisema kwa Kiganda, "nkwegayiridde." Mwanangu, nakusihi.

Kwa Waganda mwanamke hupiga magoti kumheshimu mkubwa wake. Mkubwa hampigii mtoto magoti, hilo halipo, ni laana. Yule binti alitoa sauti kama aliyeungua. Alizunguka kaunta mbio, na viatu vyake vya visigino, na suti yake ya kampuni, akaanguka magotini naye, akiinamisha kichwa chini ya kichwa cha Hajati.

"Jjajja, situka! Bibi, inuka tafadhali, utanimaliza. Si mimi, Jjajja. Sistimu ndiyo inakataa."

Wakabaki hivyo wawili, wamepigiana magoti, wanashikana mikono, kila mmoja anamwomba mwenzake asimame, na katikati yao mzani unawaka namba zake nyekundu. Msimamizi alitazama saa yake ya mkononi. Aliitazama saa yake! Nilimwambia neno la kambini ambalo Hajati alinikataza miaka yote, na silijutii.

Tulimwinua Hajati, mimi na yule binti. Machozi yalikuwa yamemharibia binti wanja wote. Msimamizi akasema, "Begi ipi inabaki?"

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwenye begi la samli. Nilikuwa najua. Miaka yote hiyo nilikuwa najua kinachotoka ni kipi.

"Siyo hilo," alisema Hajati.

Alilishika lile lingine, la mtaa, akalisukuma kuelekea kwangu kwa kiganja. Hakuniangalia. "Warudishie, kila mtu chake. Waambie..." Alitafuta neno, yeye ambaye hakukosa neno mbele ya yeyote. "Waambie nina mtoto."

Binti akafunga karatasi kwenye begi la samli, likaondoka na mkanda. Hajati akachukua fimbo yake.

"Na chako kimo humo," aliniambia, na akaenda.

Nimekaa na jambo hilo na sijalimaliza. Kampuni ile ina ndege za mamilioni ya dola. Kilo za begi lile hazikuiongezea wala kuipunguzia kitu, ndege iliruka na nafasi tupu, naapa. Pesa yake hawakuipata. Walichokipata ni kumfikisha mahali ambapo lazima aivunje amana au amwache mwanawe. Bibi yule alivuka mipaka na vita na maradhi bila kupoteza hata punje ya karanga ya mtu. Wao wakafaulu, kwa kutazama saa.

Nilirudisha mafurushi. Nilipita nyumba kwa nyumba, na sikutarajia kupokelewa kwa nyimbo, lakini kile nilichopokelewa nacho kiliniongezea hasira juu ya hasira. "Hata dagaa kidogo zimemshinda?" "Hajati siku hizi amekuwa mtu wa watu wa juu." "Angejua hawezi, si angesema?" Yule mama wa jiwe la kusagia alinyakua unga wake akasema uzee unabadilisha watu. Nilimfokea mlangoni kwake, mbele ya wajukuu zake. Nilimuuliza yeye amewahi kumpelekea mtoto wa Hajati nini, maisha yake yote. Akafunga mlango. Nsenene wangu walilala kwenye gari mpaka wakaharibika, sikuweza kuwala wala kumpa mtu.

Siku chache baadaye simu ililia nikiwa steji. Ilikuwa namba ya Dubai. Kabla ya salamu nilisikia kilio cha kitoto, kikali, cha hasira, kilio cha mtu mwenye mapafu yake yote. Nikaegemea gari.

"Msichana," alisema Hajati. "Mzima. Mama yake mzima. Nimemkanda kwa samli sasa hivi, anakula uji."

"Alhamdulillahi," nikasema, mimi Mkatoliki wa mama yangu.

Tulicheka. Nikangoja. Kilio kule kikatulia, mtu akawa anabembeleza kwa sauti ya chini, na Hajati akashusha yake.

"Umewarudishia?"

"Wote."

"Walisemaje?"

Pembeni yangu wenzangu walikuwa wanacheza karata juu ya boneti. Gari lilikuwa bado linanuka nsenene.

"Wanakusalimia, Hajati," nikamwambia. "Wote wanakusalimia sana."